Christian Doppler: Mwana wa Mwashi Aliyeyapa Mawimbi Ushahidi

Askari wa usalama barabarani husimama kando ya njia kuu akaielekeza rada yake, ile ambayo madereva wa Tanzania wameibandika jina la tochi, kwenye gari linalokuja mbio. Wakati huohuo, katika hospitali kubwa, daktari humpaka mgonjwa ute baridi tumboni, akamwekea kichunguzi cha mashine juu ya figo aliyopewa na nduguye wa damu. Watu wawili hawa hawajuani, wala hawadhani kwamba kazi zao zina udugu wowote. Hata hivyo wote wawili wanaitegemea kanuni moja, nayo ilitangazwa mwaka 1842 na mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa mgonjwa, maskini wa nguvu, na ambaye hakuwahi kuiona rada wala mashine ya namna hiyo. Mwalimu huyo ni Christian Andreas Doppler.

Ndugu msomaji, maisha ya mtu huyu yafaa kusomwa na kila mwenye kazi ya kukusanya ushahidi. Doppler aliipata kanuni iliyo sahihi kabisa, kisha akaitumia kueleza jambo ambalo kanuni hiyo haikuweza kulieleza. Waliomfuata, wakiwamo madaktari wa figo wa zama zetu, walijikuta mbele ya mtego uleule.

MTOTO DHAIFU KATIKA NYUMBA YA WAASHI

Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba, 1803, mjini Salzburg, katika nchi ambayo leo ni Austria. Nyumba yao ilikuwa katika uwanja uleule ambamo ukoo wa mwanamuziki mashuhuri Mozart ulikuwa umekaa miaka kadhaa kabla yake. Ukoo wa Doppler ulikuwa wa waashi na wachongaji mawe tangu karne ya 17, na desturi ilitaka mwana ashike patasi na nyundo ya baba yake. Lakini kazi ya mawe hudai mabega na mapafu, na mtoto huyu alikuwa dhaifu tangu utotoni.

Baba yake hakumlazimisha. Alimwendea mtaalamu wa hesabu wa mji huo, Simon Stampfer, akamwomba ampime kijana. Stampfer akaona kwamba kichwa cha kijana kilikuwa na nguvu ambazo mikono yake ilizikosa, akashauri apelekwe Vienna katika Chuo cha Ufundi. Kijana alikwenda huko mwaka 1822. Alifuzu vizuri katika hesabu na fizikia, na kuanzia mwaka 1829 akawa msaidizi wa profesa wa hesabu kwa muda wa miaka minne.

Muda huo ulipokwisha alikuwa mtu wa miaka 30 asiye na kazi. Siku zile nafasi za ualimu wa juu zilitolewa kwa mitihani ya mashindano, na Doppler alishindana mara kwa mara bila ya kuajiriwa. Ili apate chakula alikubali kuwa karani wa mahesabu katika kiwanda cha kusokota pamba, akakaa huko kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Mwishowe alikata tamaa. Mwaka 1835 aliamua kuhamia Marekani. Akauza vitu vyake, akaenda Munich kuonana na mwakilishi wa serikali ya Marekani juu ya safari hiyo. Ndipo habari ikaja kutoka Prague: amepata nafasi ya kufundisha hesabu katika shule ya sekondari. Safari ikavunjwa. Mwaka uliofuata alimwoa Mathilde Sturm, binti wa sonara wa Salzburg, nao wakajaliwa watoto watano.

SIKU YA WASIKILIZAJI WACHACHE

Mwaka 1841 Doppler alipewa uprofesa wa hesabu katika Chuo cha Ufundi cha Prague. Cheo kilikuwa kizuri, ila mzigo wake ulikuwa wa kuvunja mgongo. Iliwabidi wakufunzi kuwatahini wanafunzi kwa mamia, kwa maandishi na kwa mdomo, na mtu mwenye kifua kibovu alitumikia siku nyingi ndani ya vyumba vilivyojaa watu. Wanafunzi walimlalamikia kwamba alikuwa mkali mno katika mitihani. Afya yake ilizidi kudhoofika.

Katikati ya shida hizo, tarehe 25 Mei, 1842, alisimama mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Bohemia akasoma makala yake juu ya rangi za nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana angani. Wasikilizaji walikuwa watano tu, pamoja na mwandishi wa kumbukumbu. Hakuna hata mmoja aliyeweza kujua kwamba siku ile ingekumbukwa.

Kanuni yenyewe yaweza kuelezwa kwa mfano wa gwaride. Tuseme kikosi kirefu cha askari kinatembea kwa safu moja, na wewe umesimama mahali pamoja ukihesabu wanaokupita. Umepata askari 60 kwa dakika. Sasa tembea kukabiliana nao: utawapita wengi zaidi kwa dakika ileile, ingawa wao hawakuongeza mwendo. Kisha geuka utembee kuelekea wanakokwenda: hesabu yako itapungua. Mwendo wa askari haukubadilika; kilichobadilika ni mwendo wako wewe unayehesabu. Mawimbi ya sauti na ya nuru huhesabika vivyo hivyo. Kitu kikikujia, mawimbi yake hukufikia kwa wingi zaidi katika sekunde moja. Kikikuacha, hukufikia kwa uchache. Ndiyo maana king'ora cha gari la zimamoto husikika kwa sauti nyembamba linapokuja, na kwa sauti nzito mara linapokwisha kupita.

Doppler aliona kwamba tofauti hiyo, ikipimwa, humwambia mpimaji kasi ya kitu chenyewe. Hapo hakukosea. Kosa lake lilikuja katika hatua ya pili. Alidhani kwamba nyota zote kwa asili ni nyeupe, na kwamba zile zinazoonekana nyekundu au buluu zimepata rangi hizo kwa sababu ya kutuacha au kutujia. Leo tunajua kwamba rangi ya nyota hutokana hasa na joto lake. Nyota huenda mbio, lakini mbio hizo ni ndogo sana zikilinganishwa na kasi ya nuru, ambayo hukata kilometa 300,000 hivi kwa sekunde. Haziwezi kuigeuza rangi kwa kiasi ambacho jicho litakiona.

TARUMBETA JUU YA GARI MOSHI

Aliyeijaribu kanuni hiyo hadharani alikuwa kijana wa Kiholanzi, Christoph Buys Ballot, mwaka 1845. Alipata ruhusa ya kutumia gari moshi katika reli ya Utrecht. Jaribio la kwanza, mwezi Februari, liliharibiwa na dhoruba ya theluji. Mwezi Juni alirudia. Wapiga tarumbeta walipandishwa juu ya gari moshi wakashika sauti moja bila kuibadili, na kando ya reli waliwekwa wanamuziki wenye masikio yaliyofunzwa, ili waseme sauti waliyoisikia gari lilipokuja na lilipopita. Majibu yao yaliafikiana na kanuni: sauti ilipanda gari lilipokaribia, ikashuka lilipokwenda zake.

Jambo la kuangaliwa hapa ni uamuzi wa Buys Ballot. Aliikubali kanuni kwa sababu masikio ya mashahidi wake yaliithibitisha, akayakataa maelezo juu ya rangi za nyota kwa sababu hayakuthibitika. Hakuitupa kanuni kwa ajili ya kosa, wala hakulikubali kosa kwa ajili ya kanuni.

Doppler mwenyewe aliendelea kuhangaika. Mwaka 1847 alihamia chuo cha madini cha Schemnitz, mji ambao leo uko Slovakia na huitwa Banská Štiavnica. Machafuko ya mapinduzi ya 1848 yalimwondoa huko, akarudi Vienna na kuchukua nafasi ya yuleyule Stampfer aliyemfungulia njia ujanani. Mwaka 1850 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Miongoni mwa waliosoma katika taasisi hiyo alikuwa mtawa Gregor Mendel, ambaye baadaye alizigundua sheria za urithi wa viumbe.

Lakini heshima hiyo haikudumu kwa amani. Mwaka 1852 Josef Petzval, mtaalamu mkubwa wa hesabu na wa lenzi za kamera, alimshambulia mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna. Kwa Petzval, kanuni iliyoandikwa kwa mistari michache ya hesabu rahisi haikustahili kuitwa sayansi kubwa. Doppler alijitetea, na wako waliosimama upande wake. Lakini wengi katika baraza walimwelekea Petzval. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mapafu yakiwa yamemshinda, alikwenda Venice kutafuta hewa ya joto. Hakupona. Alifariki dunia huko tarehe 17 Machi, 1853, akiwa na umri wa miaka 49.

KANUNI YAISHI BAADA YA MWENYEWE

Petzval alikuwa bingwa, lakini historia ilimpita. Wanajimu waliacha kuangalia rangi ya nyota nzima, wakaanza kupima mistari myembamba iliyomo ndani ya nuru yake. Hapo ndipo kanuni ya Doppler ilipojibu kwa usahihi, na mwendo wa nyota ukapimika. Karne ya 20 ilipoleta rada, wanajeshi na polisi nao wakaipokea kanuni hiyo. Rada ya barabarani hutuma mawimbi, gari likayarudisha, na chombo kikalinganisha yaliyokwenda na yaliyorudi. Tofauti yake ndiyo kasi ya gari.

Katika miaka ya 1950, huko Osaka, Japani, Shigeo Satomura na wenzake waliigeuzia kanuni mwili wa binadamu. Badala ya mawimbi ya rada walitumia mawimbi ya sauti yenye masafa makubwa mno, ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Walipima kwanza mwendo wa moyo, kisha mwendo wa damu. Chembe nyekundu za damu, ambazo jicho haliwezi kuziona bila ya hadubini, hufanya kazi ya yale magari barabarani: huyapokea mawimbi na kuyarudisha.

Hesabu yake si ngumu. Kichunguzi kikituma mawimbi milioni 3 kwa sekunde, na damu ikikijia kwa mwendo wa nusu meta kwa sekunde, mawimbi yanayorudi huzidi kwa 2,000 hivi kwa sekunde. Tofauti hiyo iko ndani ya uwezo wa sikio letu. Ndiyo sababu mashine huweza kutoa mvumo unaopanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, na daktari akaisikia damu ikipita.

FIGO YA MGENI NA MLINZI WA LANGO

Katika muda huohuo, upande wa pili wa dunia, waganga walikuwa wakipigana na adui mwingine. Tarehe 23 Desemba, 1954, mjini Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walimpandikiza mgonjwa figo ya nduguye pacha, na figo ikafanya kazi. Walifaulu kwa sababu pacha wale walikuwa wa kufanana kabisa. Kwa watu wengine, kinga ya mwili ni kama mlinzi wa lango asiyemruhusu mtu asiyemtambua. Figo ya mtu mwingine, hata iwe zawadi ya mama au ya kaka, huonwa kuwa ni adui aliyeingia, nayo hushambuliwa. Huko ndiko kukataliwa kwa figo. Dawa za kuilegeza kinga zimewawezesha maelfu kuishi na figo za wengine, lakini hatari haiondoki moja kwa moja. Kukataliwa kwaweza kuja katika siku za mwanzo, baada ya miezi, au polepole kwa miaka.

Katika ukanda wetu huduma hii si ya kusikia redioni tena. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upandikizaji mwaka 2017, na Hospitali ya King Faisal ya Kigali mwaka 2023.

Figo iliyopandikizwa huwekwa chini ya tumbo, upande wa nyonga, karibu na ngozi. Kwa hiyo mashine huiona kwa urahisi, bila ya kisu wala miali ya eksirei. Swali la kwanza la daktari ni kama damu inafika. Ikiwa mshipa wa figo umeziba kwa damu iliyoganda katika saa au siku za mwanzo, muda wa kuiokoa ni mfupi, na mgonjwa huenda akarudishwa chumba cha upasuaji papo hapo. Swali la pili ni kama mkojo umezuiliwa njiani, au kama damu au majimaji yamekusanyika na kuibana figo kutoka nje. Maswali hayo mashine huyajibu vizuri sana, na kwa kuyajibu imeokoa figo nyingi.

Swali la tatu ndilo gumu: je, mwili unaikataa figo? Figo yenye afya hupokea damu bila kukatika, hata pale moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikivimba kwa kushambuliwa, mishipa midogo hubanwa, na damu hupungua katika muda ule wa mapumziko. Mwaka 1974 Mfaransa Léandre Pourcelot alieleza namna ya kuigeuza hali hiyo kuwa namba moja. Chukua kasi ya juu ya damu, toa kasi ya mwisho kabla ya pigo linalofuata, kisha gawanya kwa ile kasi ya juu. Kasi zikiwa sentimeta 100 na 40 kwa sekunde, jibu ni 0.60. Ya pili ikishuka hadi 10, jibu ni 0.90. Madaktari wengi huiona namba iliyo chini ya 0.70 kuwa ya kawaida, na iliyozidi 0.80 kuwa ya kutiliwa shaka.

Kipimo hicho kina faida ambayo polisi wataitambua mara moja. Rada ikilipiga gari kwa mshazari husoma kasi ndogo kuliko ilivyo kweli, na mashine ya hospitali ina udhaifu huohuo. Lakini kwa kuwa Pourcelot aligawanya kasi kwa kasi, kosa la mshazari huingia juu na chini ya hesabu, likajifuta lenyewe.

DALILI SI HUKUMU

Katika miaka ya 1980 matumaini yalikuwa makubwa. Wako waliodhani kwamba namba ikipanda, basi figo inakataliwa, na mgonjwa hatahitaji tena kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha figo kwa uchunguzi. Uzoefu ukawarudisha nyuma. Namba ilipanda pia kwa figo iliyojeruhiwa kwa kukosa damu wakati wa kupandikizwa, kwa figo iliyozibwa njia ya mkojo, na hata pale mpimaji alipokigandamiza kichunguzi kwa nguvu mno. Tena wako wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zinakataliwa kweli, na namba ikabaki ya kawaida.

Mwaka 2013 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mamia ya wagonjwa. Katika vipimo vya kawaida vilivyopangwa kwa ratiba, namba hiyo haikuonyesha hali ya ndani ya figo kama ilivyoonekana kwa hadubini. Ilichukuana zaidi na umri wa mgonjwa na hali ya mishipa yake mwenyewe. Wenye namba ya 0.80 na zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, huku figo zao zikiwa bado zinafanya kazi. Mashine haikusema uongo. Ilipima kwa haki mwendo wa damu. Waliokosea ni wale waliosoma ndani yake habari ambayo haikuwamo.

Nalo si kosa dogo. Daktari akidhani figo inakataliwa kumbe sivyo, atamwongezea mgonjwa dawa kali za kuilegeza kinga, na maradhi ya kuambukiza yatapata mlango wazi. Akidhani ni salama kumbe inakataliwa, figo iliyotolewa na ndugu kwa kukatwa mwili wake itakufa, na mgonjwa atarudi kwenye mashine ya kusafishia damu. Kwa hiyo daktari mwangalifu huiweka namba ya Pourcelot pamoja na mashahidi wengine: kipimo cha kreatinini katika damu, wingi wa mkojo, kiwango cha dawa mwilini. Shaka ikibaki, huchukua kinyama kwa sindano, na mashine ileile humwongoza mkono asije akachoma mshipa mkubwa. Hata hivyo, akiona damu inarudi nyuma katika muda wa mapumziko ya moyo, hangoji. Hiyo ni ishara ya hatari inayodai uchunguzi wa mara moja.

Basi tukirudi kwa Doppler, tunaona kwamba kosa lake la mwaka 1842 na la madaktari wa baadaye ni ndugu. Yeye alikuwa na kanuni ya mwendo, akaitaka imweleze rangi. Wao walikuwa na kipimo cha mwendo wa damu, wakakitaka kiwatajie jina la ugonjwa. Petzval naye alikosea kwa njia ya pili, kwa kuidharau kanuni kwa sababu ilikuwa fupi na rahisi. Aliyefuata njia ya kati ni yule kijana wa Kiholanzi kando ya reli, aliyewasikiliza mashahidi wake na kukubali kile tu walichokithibitisha.

Askari anayeikamata tochi barabarani, na mpelelezi anayeokota alama ya kiatu mahali pa wizi, wako katika njia hiyohiyo. Rada humwambia askari kasi ya gari. Haimwambii kwamba dereva alikuwa akimkimbiza mzazi mahututi hospitalini, wala kwamba alikuwa mlevi. Hayo hutafutwa kwa kuuliza, kwa kuangalia na kwa kusikiliza. Mwana wa mwashi wa Salzburg hakuacha mali wala jengo. Aliacha kanuni moja ya mistari michache, na mpaka leo, kila damu inapovuma ndani ya figo ya kupewa na daktari akatega sikio, kazi yake inaendelea.